Tuache Kupitisha Kofia, Tufungue Daftari Letu

Msimu uliopita nilituma soo mbili mara nne. Ya kwanza ilikuwa nauli ya timu kwenda mechi ya ugenini. Ya pili ilikuwa kodi ya wachezaji wawili waliofungiwa nyumba. Ya tatu ilikuwa dawa ya kipa. Ya nne hata sikumbuki. Niliona tu bango lenye rangi za timu na namba ya M-Pesa, nikatuma kama mtu aliyepigiwa simu ya matanga.

Mara ya tano niliuliza swali. Sikuuliza kwa ubaya. Niliandika kwenye grupu, "Wakubwa, zile za nauli zilifika ngapi, na zilitumikaje?" Dakika kumi kimya. Kisha mmoja akaniambia shabiki wa kweli haulizi, anasapoti. Mwingine akataka kujua nimetumwa na nani. Kabla ya jioni nilikuwa nimeondolewa. Nikabaki naangalia simu kama abiria aliyeshushwa matatu kwa kudai chenji yake.

Sitaitaja timu. Ukitaka sana kuijua, jiulize kwanza kama yako ingenijibu tofauti.

Wiki mbili baadaye nilikutana na beki wetu wa kulia nje ya uwanja. Kijana mdogo, amecheza dakika zote tisini, viatu amevibeba mkononi. Akaniuliza kama naelekea tao, na kama naweza kumwongezea nauli. Mshahara haukuwa umeingia miezi mitatu. Nikampa mia. Hiyo ndiyo pesa pekee niliyotoa msimu mzima nikijua imefika.

Sasa wacha niseme, na mnitusi mkitaka: mashabiki wa soka Kenya tuache kuichangia klabu. Tiketi nunua, jezi nunua, uwanjani njoo. Lakini hii michango ya kofia tuisimamishe. Tuchange kwetu kwanza. Tuunde ushirika wa mashabiki ulio huru, wenye usajili wake, akaunti yake, daftari lake na uchaguzi wake. Ushirika huo ndio uongee na klabu. Shabiki anayetoa pesa bila kura si mwenye timu, ni mfadhili bubu.

Najua jibu la kwanza litakuwa gani. "Lakini klabu ni ya wananchi!" Nalijua hilo, na nalipenda. AFC Leopards ilianza 1964, Gor Mahia 1968, na hazikuzaliwa kwenye ofisi ya tajiri. Zilizaliwa na jamii. Gor ilipochukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, kisha 1-1 hapa Nairobi, watu walisherehekea kama mtu aliyezaliwa mtoto nyumbani kwake. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyobeba kombe la bara mpaka leo.

Lakini kuwa klabu ya wananchi ni jambo moja. Kuwa na wananchi kwenye daftari ni jambo jingine. Uliza klabu yako maswali matatu leo. Wanachama waliosajiliwa ni wangapi? Hesabu zilizokaguliwa za mwaka jana ziko wapi? Mkutano mkuu wa mwisho ulikuwa lini, na wewe ulipata habari kabla au baada? Ukijibiwa yote matatu, nitakuomba radhi na nifute hii makala. Usipojibiwa, basi umiliki wako ni wimbo tu. Unauimba dakika tisini, filimbi ikilia umeisha.

Tuliyaona mwaka 2019. SportPesa walivutana na serikali juu ya leseni na kodi, na mwezi wa Agosti wakatangaza wanasitisha udhamini wa michezo nchini. Gor na Ingwe, klabu mbili kubwa kuliko zote Kenya, zikaachwa kwa mataa. Miaka iliyofuata, zote mbili ziliwahi kufungiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya watu waliokuwa wamezichezea na kuzifundisha. Mikataba hiyo haikusainiwa na shabiki wa Kayole wala wa Kakamega, na siku ya kuivunja hakuna aliyewauliza. Lakini deni lilipobisha hodi, nani alitafutwa? Ni yeye yule, na soo mbili zake.

Wengine mtaniambia tayari tuna matawi. Tunayo, na nayaheshimu. Matawi ndiyo hubeba ngoma, ndiyo hukodi basi, ndiyo huzika mashabiki wenzetu wakifariki. Lakini tawi liko chini ya klabu. Mwenyekiti wa tawi akiuliza sana, ananyimwa tiketi, anaachwa kwenye safari, na wiki ijayo unasikia kuna mwenyekiti mpya. Tawi linaweza kumwimbia kiongozi, haliwezi kumkagua.

Ninaposema huru, namaanisha mambo matatu. Pesa ya mashabiki haipitii akaunti ya klabu. Mtu mwenye cheo kwenye klabu hawezi kuwa na cheo kwenye ushirika. Na klabu haiwezi kuuvunja ushirika hata ikikasirika, kwa sababu haikuuanzisha. Kimoja kikikosekana, hapo mmefungua tawi lingine lenye jina refu.

Hii si ndoto yangu ya usiku. Kila Jumamosi tunajaa vibandani kutazama mpira wa Uingereza, tunajua mpaka jina la mke wa straika, lakini hii sehemu ya hadithi yao hatuijui. Kule ushirika wa aina hii wanauita "trust", na ulianza na watu kama sisi, kwenye klabu iliyofilisika.

Klabu yenyewe ni Northampton Town, timu ya ligi za chini. Januari 1992 mashabiki waliitana mkutano wakakuta klabu inadaiwa kama pauni milioni 1.6. Wangeweza kupitisha kofia na kumpelekea mwenyekiti. Hawakufanya hivyo. Waliunda chombo chao na kukubaliana mambo mawili: tutachanga kuiokoa klabu, lakini pesa hatuwakabidhi walioizamisha; na tunataka kuwakilishwa kwenye maamuzi. Mmoja wao, Brian Lomax, akaingia kwenye bodi ya klabu kwa kura za mashabiki wenzake. Hakuingia kwa sababu ni tajiri.

Nyinyi wa Manchester United mnaikumbuka Exeter City? Januari 2005, Kombe la FA, timu ndogo isiyokuwa hata kwenye ligi nne za juu ilikuja Old Trafford ikaondoka na sare ya 0-0. Mliudhika sana siku hiyo. Basi ile timu ilikuwa mikononi mwa mashabiki wake tangu 2003, kupitia ushirika wao. Mechi ya marudiano walifungwa, lakini mapato ya mechi hizo mbili yalisaidia kulipa madeni yaliyokuwa yanawanyonga.

Portsmouth je? Mwaka 2008 Kanu wetu wa Nigeria aliwafungia bao la kombe la FA. Mwaka 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Wamiliki walikuja na kuondoka, timu ikaporomoka mpaka daraja la nne. Aprili 2013 walioinunua ni ushirika wa mashabiki pamoja na matajiri wachache wa pale pale mjini. Hisa moja ilikuwa pauni 1,000, wengine wakaungana kununua moja. Mwaka 2017 walibeba ubingwa wa daraja la nne, kisha wanachama wakapiga kura na kumuuzia klabu mwekezaji Mmarekani. Unaweza kusema walikosea kuuza. Lakini waliuza wenyewe, kwa kura, klabu ikiwa imesimama. Hakuna aliyeamka asubuhi akasoma kwenye simu kwamba timu yake ina mwenyewe mpya.

Na Wimbledon ndiyo inaniumiza na kunitia moyo kwa pamoja. Mei 2002 waliambiwa klabu yao inaruhusiwa kuhamia mji mwingine, Milton Keynes. Mashabiki hawakukaa kulia. Wiki chache baadaye walikuwa wanafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa umma, wakaanzisha AFC Wimbledon na kuanzia ligi za chini kabisa. Mwaka 2011 walikuwa wamepanda mpaka ligi nne za juu. Mwaka 2020 walirudi mtaa wao wa Plough Lane kwenye uwanja mpya, na sehemu ya pesa ilitoka kwa mashabiki walioikopesha klabu yao wenyewe. Nasema waliikopesha. Kuna karatasi.

Hapo ndipo mtu huniambia, "Buda, hiyo ni Uingereza. Wazungu wana mfumo. Sisi tutakula tu."

Hili jibu linanikera kuliko yote, kwa sababu ni uongo na sote tunajua ni uongo. Hakuna watu duniani wa kutufundisha sisi Wakenya kuchanga kwa utaratibu. Nenda kijiji chochote, nenda soko lolote, kuna chama. Nenda kwa walimu, kwa polisi, kwa wakulima wa chai, kwa wenye matatu, kuna sacco. Watu wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa sacco.

Mama yangu ana chama cha akina mama kumi na wanne. Ukichelewa, faini shilingi 50. Daftari linasomwa kabla ya chai kumwagwa kikombeni. Mwenye kukaa na sanduku hakai na ufunguo, ufunguo uko kwa mama mwingine, na daftari kwa wa tatu. Siku moja nilimuuliza, "Mum, kwani hamwaminiani?" Akanicheka. Akasema, "Tunaaminiana ndiyo maana tunahesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari." Mama yangu hajui kuotea ni nini. Lakini niambie klabu moja ya ligi yetu inayosomea mashabiki wake hesabu kila mwezi kama hao kina mama.

Kwa hivyo ni kweli, hata viongozi wa ushirika wanaweza kula. Binadamu ni binadamu. Dawa yake ni sanduku kwa mmoja, ufunguo kwa mwingine, daftari kwa wa tatu. Tukikataa kuunda ushirika kwa sababu wezi wapo, tutakuwa tumewaachia hao wezi kofia, ambayo haina daftari kabisa.

Kuna hofu ya pili ambayo ni ya haki: siasa. Tunajua mheshimiwa akisikia kuna watu elfu tano mahali pamoja, atakuja na bahasha na fulana. Sheria yetu ya Vyama vya Ushirika tayari imemfikiria. Mwanachama mmoja ana kura moja, awe ameweka mia au milioni. Na mtu mmoja hawezi kushika zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mtaji wa hisa. Mheshimiwa anakaribishwa. Alipe mia yake, achukue kadi, akae kwenye benchi, anyooshe mkono kama sisi.

Hofu ya tatu ni ya viongozi wa klabu. Wataona ni mapinduzi. Mwenyekiti wetu, kama unasoma hapa, nisikilize kwa utulivu. Hatutaki kiti chako. Kila msimu unatafuta mdhamini, na mdhamini anakuuliza mashabiki wako ni wangapi, unamwambia "mamilioni." Hakuamini. Siku utakapomwekea mezani orodha ya watu elfu tano wanaolipa kila mwezi, wenye majina na kadi, utaongea naye ukiwa umenyoosha mgongo. Mkono mtupu haulambwi.

Lakini na sisi mashabiki tusijidanganye kwamba jina la ushirika linatosha. Kuna Swansea City. Ushirika wa mashabiki ulikuwa na asilimia 21 ya hisa na mwakilishi kwenye bodi, na dunia nzima ikawasifu. Mwaka 2016 wamiliki wenzao wakauza hisa za kutosha kuwapa Wamarekani usemi wa klabu, na mashabiki wakalalamika kwamba mazungumzo yalipikwa bila wao. Mgogoro huo uliburuzwa miaka mingi. Somo ni kwamba kiti mezani bila maandishi ni kiti cha plastiki, kinaweza kuvutwa ukiwa umekikalia. Haki zenu ziandikwe kwenye katiba ya klabu na kwenye mkataba kabla shilingi moja haijatoka.

Na mwekezaji atakuja huku kwetu pia, msidhani hatakuja. Tanzania ameshafika. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walikubali kubadilisha muundo wa klabu yao ili mwekezaji apate sehemu ya hisa. Wamevutana sana tangu hapo, na watavutana tena. Lakini angalau kulikuwa na wanachama wa kuulizwa. Akija kwetu kesho na hundi, atamuuliza nani? Grupu ya WhatsApp?

Basi tufanye nini? Nitasema wazi, ili mtu asinijie na "wazo zuri" halafu tukalala.

Sheria inataka watu wasiopungua 10 kusajili chama cha ushirika. Kumi tu! Hao ni wachache kuliko timu iliyo uwanjani. Kati yetu hakukosi wakili wa kutuambia kama tujisajili kama ushirika au chama cha kawaida, na hakukosi mhasibu wa kutupangia vitabu. Hao ndio wawe kati ya kumi wa kwanza, siyo mwenye sauti kubwa.

Ada iwe ndogo, tuseme shilingi 100 kwa mwezi, ili mtu wa mkokoteni na daktari wakae sawa. Fanya hesabu. Watu 5,000 mara mia ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni sita. Hatuwezi kununua Mbappé, lakini hiyo si pesa ya kuombea chenji.

Mwaka wa kwanza tusiipe klabu hata ndururu. Najua inauma. Huo mwaka ni wa kusajili wanachama, kufanya uchaguzi, kukaguliwa hesabu na kuzisoma hadharani, ili tukimwambia mwenyekiti "fungua vitabu" asituulize vyetu viko wapi.

Mwaka wa pili tukae na klabu, na tuwe na masharti. Mashabiki wapate viti kwenye kamati ya klabu, kwa watu tuliowachagua wenyewe. Hesabu zilizokaguliwa zitolewe kila mwaka. Jina, rangi na uwanja wa nyumbani visibadilishwe bila kura yetu. Na pesa yetu ikitoka, iende moja kwa moja kwenye kazi yake: nauli kwa kampuni ya basi, kodi kwa mwenye nyumba, dawa kwa hospitali. Kila mwezi risiti zote zitumwe kwa kila mwanachama. Klabu ikikataa, pesa inakaa. Haiozi.

Mtu ataniambia, "Na wachezaji wanalala njaa huku nyinyi mkiandika katiba?" Swali hili ndilo hunikosesha usingizi. Lakini wachezaji wamelala njaa miaka yote tuliyopitisha kofia. Kofia haijawahi kumlipa mchezaji mshahara. Kofia humlipia nauli ya leo ili kesho uongozi usiulizwe mshahara uko wapi. Huruma yetu imegeuka kuwa kifuniko cha sufuria, na ndani kinachoungua hatukioni. Ukitaka kumsaidia mchezaji leo, mpe mkononi, kama nilivyompa yule kijana. Ukitaka asiombe tena, jisajili.

Wazee wetu mlioanzisha hizi klabu, mlichanga senti kwa senti na mlikuwa na vitabu. Sisi vijana tuna simu inayohesabu mpaka hatua tunazotembea, na hatujui soo mbili zetu zimeenda wapi. Nani kati yetu ndiye wa kisasa?

Mimi nimeshaamua. Soo mbili za msimu huu ziko kwenye simu, na zitaingia akaunti yenye jina la mashabiki au hazitaingia popote. Nimepata watu sita. Mmoja ni mhasibu, mmoja ni dereva wa boda, mmoja ni yule mama anayeuza njugu kwenye lango la uwanja, na ndiye aliyeuliza maswali magumu kuliko sisi wote. Tunahitaji wanne.

Yule beki wa kulia sijamwona tena. Nasikia aliacha mpira, yuko mjengo. Alikuwa na krosi tamu sana.